Jikoni Matete, mbegu hazipikwi ovyo

SAFARI yangu ya Matete ilianzia kwenye benchi la zahanati moja jijini Nairobi. Binti yangu wa miaka sita alikuwa mchovu kwa wiki kadhaa, anasinzia darasani, hataki kucheza, na ukimvuta kope ya chini ndani mwake ni kweupe kama karatasi. Muuguzi alimdunga kidole, akatazama kijimashine chake, akatikisa kichwa. Damu ilikuwa pungufu. Mtoto hakuwa na madini ya chuma ya kutosha mwilini.

Tulipewa dawa ya maji ya kumeza kila siku, pamoja na ushauri: "Mama, mpe maharagwe kwa wingi. Mpe na uji wa wimbi."

Msomaji, nilibaki mdomo wazi. Maharagwe na wimbi ndivyo vitu ambavyo havikosi nyumbani kwangu! Maharagwe tunakula mara nne kwa wiki, si kwa kuyapenda sana bali kwa sababu mfuko hauruhusu nyama. Uji wa wimbi mtoto hunywa kila asubuhi kabla ya gari la shule kupiga honi. Ikiwa kweli vyakula hivyo vina madini ya chuma, yalikuwa yakienda wapi?

Jioni ile nilimpigia simu mama mkwe wangu, anayeishi Matete, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Na huwa unayapikaje?"

Nakiri kwamba niliudhika. Mke mzima wa miaka thelathini na ushei, mama wa watoto wawili, unaulizwa namna unavyochemsha maharagwe! Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Nikamweleza kwa adabu, hatua kwa hatua. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, akasema, "Shule zikifungwa Agosti niletee mjukuu wangu. Na wewe mwenyewe uje."

Basi la usiku lilitupitisha Nakuru na Eldoret, likatutua Webuye alfajiri, baridi ikiuma. Waliosafiri njia hii zamani watakumbuka kwamba hukuhitaji kuambiwa umefika Webuye, pua ilikuambia. Harufu ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper ilikuwa ikikupokea kabla ya makanga kufungua mlango. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2009, na ingawa kilikuja kufufuliwa chini ya wenyewe wengine, mji haukurudi kuwa ule tena.

Kutoka hapo tulidandia matatu ya kwenda Kakamega. Ukishavuka Mto Nzoia unaingia nchi ya miwa na mahindi, kijani mpaka macho yachoke, na matrekta yenye matela yaliyojaa miwa yanajikokota mbele yako bila haraka. Matete ilikuwa sehemu ya Lugari kabla ya kumegwa na kuwa kaunti ndogo. Wenyeji ni Watachoni, Wakabras na Wabukusu waliochanganyika na kuoana, na salamu yao ni moja: "Mulembe!" Mimi ni mzaliwa wa Makueni, na miaka kumi baada ya kuolewa bado naitamka kwa lafudhi inayowachekesha watoto wa jirani.

Kilomita za mwisho tulizimaliza kwa bodaboda, mtoto katikati, mimi nyuma nikikumbatia begi.

Agosti ni mwezi mzuri wa kufika Matete ukiwa na swali kama langu. Mvua ndefu zimekwisha kazi yake na mavuno ya kwanza yameingia. Kwenye kibaraza cha mama mkwe hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Maharagwe mekundu yalikuwa yameanikwa kwenye turubai. Kando yake njugu karanga bado na maganda. Simsim kwenye ungo. Njugu mawe, zile ngumu za mviringo ambazo hapa huitwa tsimbande, kwenye beseni. Na wimbi, mweusi-mwekundu, punje ndogo kama mchanga, juu ya gunia lililofumuliwa.

Wimbi ulikuwa kidogo kuliko vyote. Shamba lililokuwa la wimbi wakati mume wangu akiwa mtoto sasa lina miwa. Miwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi, na malipo nayo huja kwa wakati wayo, lakini yakija huja kwa mkupuo. Wimbi hudai palizi ya mkono, mgongo umeinama, na ndege hawalali. Mama mkwe amebakisha vipande vichache tu nyuma ya nyumba. "Hivi ni vya wajukuu," alisema.

Nipikie nione

Siku ya pili alinipa kikombe cha maharagwe na sufuria. "Pika kama unavyopika Nairobi." Akaketi kwenye kigoda chake karibu na mafiga, mikono magotini.

Nikayaosha, nikayabandika. Yalipochemka na maji kuwa mekundu nikayamwaga nje, nikatia mengine. Yakachemka tena, nikamwaga tena. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na jirani yangu mmoja kule mjini ili maharagwe yasijaze watu tumbo gesi, na kusema kweli nilipenda yanavyotoka meupe meupe na safi. Maji ya tatu ndiyo nilikusudia kuyaivishia.

Mama mkwe alinyanyuka, akaenda mlangoni, akayatazama maji mekundu yakizama chini ya migomba. "Umeipa migomba chakula cha mtoto," akasema.

Alikuwa na haki, na wataalamu wa lishe wangemuunga mkono. Ule wekundu si uchafu. Ni jamii ya viini viitwavyo polifenoli, ambavyo hukaa zaidi katika ganda la mbegu na ambavyo husifiwa kwa kusaidia kulinda chembe za mwili. Huyeyuka katika maji ya moto. Pamoja nazo huyeyuka vitamini za kundi B, na hasa foleti, ambayo mwili huihitaji ili kutengeneza damu. Madini ya chuma yenyewe kwa sehemu kubwa hubaki ndani ya punje. Lakini mtoto aliyepungukiwa na damu anahitaji yote mawili, na mimi moja nilikuwa nikilimwaga kila mara, mara mbili kwa kila sufuria.

Yeye hufanya hivi. Jioni huyachagua maharagwe, huyaosha na kuyaloweka katika maji mengi. Asubuhi maji hayo ndiyo humwaga, wala hayaonei huruma. Hutia maji mapya, huchochea kuni mpaka sufuria itokote kwa nguvu, kisha hupunguza moto na kuacha yaive polepole. Mchuzi wake haumwagwi hata tone. Huo ndio wa kuunga.

Nilimuuliza kwa nini maji ya kuloweka hayana thamani na ya kupikia yanayo. "Hayo ya usiku yana gesi," alijibu. Jibu lake ni fupi lakini ndilo. Sukari fulani za maharagwe, ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga na hivyo huishia kuliwa na vijidudu vya utumbo na kutoa hewa, hutoka punjeni wakati wa kulowekwa. Nilikuwa nikipigana na gesi kwa moto ilhali maji baridi na usiku mmoja yangeipunguza.

Kuna jambo kubwa zaidi katika kuloweka, na hilo mama mkwe hakunieleza kwa maneno kwa sababu haoneki. Kila mbegu, iwe haragwe, mahindi, wimbi au simsim, huhifadhi akiba ya fosforasi kwa ajili ya siku itakapoota. Akiba hiyo huitwa faitati. Tabia yake ni kuyakamata madini ya chuma na zinki na kuyashikilia. Mtu akila mbegu hiyo, madini hupita tumboni yakiwa yamekamatwa hivyo hivyo na kutoka nje. Ndiyo maana sahani inaweza kuwa imejaa madini ya chuma na damu ya mlaji ikawa haipati ila sehemu ndogo tu.

Moto peke yake hauimalizi faitati. Huvumilia sufuria vizuri sana. Kinachoivunja ni kimeng'enya kilicho ndani ya mbegu yenyewe, ambacho hulala mbegu ikiwa kavu na kuamka ikipata maji na joto la kadiri, kwa sababu mbegu hudhani wakati wa kuota umefika. Lakini kimeng'enya hicho moto hukiua upesi. Kwa hiyo mpangilio ndio wenye maana: maji kwanza, moto baadaye. Mimi nilikuwa nikitoa maharagwe dukani na kuyatia moja kwa moja katika maji yanayochemka.

Kikapu cha wifi

Wifi yangu anayeishi boma la pili ana kile kikapu cha kupikia bila moto, kilichosheheni mito ya matambara. Unachemsha chakula, unakifunika humo, kinaendelea kuiva chenyewe. Kwa mtu anayenunua kuni au makaa ni baraka.

Mimi kikapu kama hicho kilinitia aibu mwaka mmoja uliopita. Nilikuwa na haraka, nikayaonjesha maharagwe moto kidogo tu, nikayafunika na kwenda kazini. Jioni tulikula yakiwa laini nusu nusu. Kabla ya saa tatu kupita nyumba nzima ilikuwa ikitapika, na nikalaumu nyanya.

Hazikuwa nyanya. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu iitwayo lektini, na punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu. Dawa yake ni mchemko wa kweli, maji yakitokota kwa dakika zisizopungua kumi, na walio waangalifu husema nusu saa. Joto la chini, la kama nyuzi 80 hivi, haliiui, na imewahi kuonekana kwamba maharagwe yaliyopashwa joto bila kuchemka huzidi kuwa makali kuliko mabichi. Wifi huyachemsha kwanza mpaka povu lije na kwisha, na ndipo kikapu hupewa kazi. Hapa moto hauna mbadala, na yeyote anayehubiri kwamba vyakula vya mbegu ni bora vikiwa vibichi hajalala msalani kwa ajili ya maharagwe.

Chungu chenye vitundu

Nyuma ya jiko la mama mkwe hukaa chungu kilichotobolewa chini. Mabua ya maharagwe yaliyokwisha kupurwa hayatupwi. Hukaushwa na kuchomwa, majivu yakatiwa katika chungu hicho, maji yakamwagwa juu yake, na kinachodondoka chini tone kwa tone ni maji ya rangi ya chai hafifu. Hiyo ndiyo omushelekha, munyu wa kienyeji wa Waluhya. Kazi yake ni ile ya magadi: hulainisha mboga kama mrenda na majani ya kunde, na huivisha haraka punje ngumu.

Na tsimbande ni ngumu kweli. Ukizipika bila kuzilazimisha zitamaliza mzigo wa kuni. Nilimwona mama mkwe akimimina munyu sufuriani, na moyo wangu ukawa mzito, kwa sababu hili nililijua. Vitamini B1, ambayo mbegu za jamii ya kunde zimejaliwa nayo, haipatani kabisa na magadi wala majivu. Katika maji ya namna hiyo yakichemka, huharibika upesi.

Sasa mkaza mwana atamwambiaje mama mkwe, jikoni kwake, kwamba munyu wa bibi na nyanya zake unaharibu chakula? Nilizunguka zunguka. Nikauliza kama huutia kila siku. Akanitazama kama anayejua ninakoelekea.

"Maharagwe mapya hayataki munyu," akasema. "Hayo ya mwaka jana, yaliyokauka gunia likapata joto, hayo bila munyu utakufa ukiyangoja. Na kidogo tu. Ukizidisha yana utelezi, hata mdomo unakwambia."

Nilinyamaza. Ni kweli kwamba maharagwe yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu kuiva, na kwamba kuyachemsha saa nyingi nako kunaharibu vitamini hiyo hiyo. Kwa hiyo anachagua hasara ndogo. Hata hivyo maoni yangu ni kwamba kule mjini, ambako wapishi wengi wa vibanda hutia magadi kila sufuria, maharagwe mapya kwa ya zamani, ili kuokoa makaa, tunapoteza zaidi ya tunachookoa. Usiku mmoja majini ungefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kudai chochote.

Wimbi unaoota

Nilichokwenda kukifuata hasa ni wimbi. Gramu 100 za nafaka hii zina miligramu 300 na zaidi za kalisi, ilhali maziwa ya ng'ombe yana kama 120. Ina madini ya chuma pia. Ila ina faitati, na ganda lake jeusi limejaa tanini ambazo nazo hukamata madini. Ni tajiri mwenye kufuli mbili mlangoni.

Mama mkwe alifungua unga nilioubeba kutoka Nairobi, akauchota kiganjani, akaupuliza. Mweupe mno, alisema, na laini mno. Ulikuwa umechungwa. Ukichunga wimbi unaondoa tanini, ndiyo, lakini unaondoa pamoja nazo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya viini vya manufaa na madini yaliyokaa kandokando ya punje. Umevunja kufuli kwa kuibomoa nyumba.

Njia yake huchukua siku tano. Wimbi huoshwa, huondolewa mawe, hulowekwa usiku kucha, kisha hufunikwa katika gunia lenye unyevu. Kila jioni binti yangu alipewa kazi ya kunyunyizia maji. Siku ya tatu asubuhi nilimsikia akipiga kelele: gunia lilikuwa limeota ndevu nyeupe. Likaanikwa juani siku mbili, mizizi ikasuguliwa na kupetwa, na kilichobaki kikapelekwa kusagwa. Hicho ni kimea.

(Kimea hiki hiki ndicho kitumiwacho kutengenezea busaa, na jirani mmoja alipoliona gunia alitusogelea kwa furaha isiyo ya kawaida. Alipoambiwa ni uji wa mtoto akaenda zake.)

Kuota kunafanya mambo mawili. La kwanza ni lile la kimeng'enya kuila faitati na kuyaachilia madini. La pili ni kwamba wanga hukatwakatwa kuwa sukari, na uji unakuwa mwepesi. Unaweza kutia unga mwingi zaidi bila uji kuwa mzito wa kumkaba mtoto, na tumbo dogo likapata chakula zaidi kwa kikombe kile kile. Nchini Tanzania taasisi ya serikali ya chakula na lishe ilikuwa ikiwahimiza kina mama kutumia kimea kwa ajili hiyo tangu miaka ya 1980. Kuota hupunguza kiasi cha polifenoli pia, maana baadhi hutoka na maji. Huwezi kuvipata vyote kwa pamoja. Kwa mtoto wangu, ambaye shida yake ni damu, nilijua ninachokitaka.

Kisha uji wenyewe. Unga hukorogwa na maji, kidogo cha uji wa jana kikatiwa humo, ukaachwa karibu na mafiga siku mbili uchachuke. Uchachu huo nao huzidi kuvunja faitati. Siku ya kwanza binti yangu alikunja uso na kusema umeharibika. Siku ya nne alimaliza kikombe akaomba cha pili.

Njugu, simsim na ya kwetu Makueni

Nilidhani njugu karanga hazina siri. Huzichoma, huzila. Hapa Matete katika msimu wa mavuno huchemshwa pia na maganda yake, zingali mbichi, na chumvi kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama A&M nchini Marekani walichapisha mwaka 2007 kwamba njugu zilizochemshwa zilikuwa na baadhi ya viini vya kinga hadi mara nne ya zile mbichi au za kuchoma. Sababu ni kwamba maji yanapochemka huvitoa katika ganda na ngozi na kuviingiza ndani ya punje. Ni kinyume cha maharagwe kabisa, maji yale yale.

Simsim nayo hunufaika na moto. Huchomwa katika sufuria kavu, ikikorogwa bila kukoma mpaka ianze kurukaruka, kisha hutwangwa. Joto hilo hugeuza kimojawapo cha viini vyake kuwa sesamoli, ambayo huyazuia mafuta yasichache. Ndiyo maana kikopo cha simsim ya kutwangwa hukaa jikoni kwa mama mkwe wiki nyingi na hakinuki. Kuizidishia moto ikawa nyeusi ni habari nyingine. Alinifokea mara mbili.

Lakini njugu zilipokuwa zikichaguliwa nilimwona akitupa kando kila punje iliyosinyaa au yenye ukungu, hata zikiwa nyingi, na hakuzipa kuku pia. Hapo sikuhitaji maelezo. Mwaka 2004 huko kwetu Ukambani mahindi yaliyoingia ukungu yaliwaua watu. Waliougua waliohesabiwa walikuwa 317 na waliokufa 125. Nilikuwa msichana, na nakumbuka mahindi yakifukiwa. Sumu ile, afiatoksini kwa vinywa vya wengi na afulatoksini kwa wengine, haiogopi sufuria. Kuchoma huipunguza tu, na kuchemsha hakuimalizi. Muthokoi wetu, mahindi yanayokobolewa ganda, watu wa mjini huyadharau kwa kusema yamepoteza nguvu, na kweli ganda likienda huenda na viini vyake. Ila sehemu ya sumu huenda nalo. Akina nyanya hawakukoboa kwa ajili ya urembo.

Chai

Hapa, msomaji, ndipo nilipomkosea mama mkwe.

Kila asubuhi alitupikia mahenjera, yaani mahindi na maharagwe pamoja, yaliyolowekwa, yaliyochemshwa sawasawa, mchuzi wote ndani. Na kando yake birika la chai nzito, ya maziwa na majani mengi. Majani ya chai yana tanini zinazokamata madini ya chuma papo hapo tumboni. Kikombe kimoja pamoja na chakula kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya madini ambayo mwili ungepata kwenye mbegu. Kazi yote ile ya usiku ilikuwa ikizimwa na kikombe. Nami Nairobi nilikuwa nikifanya vivyo hivyo jioni, kila siku.

Siku ya tano niliomba, kwa sauti ndogo, chai ya mtoto icheleweshwe mpaka saa nne.

"Kwa hivyo chai niliyowapikia siku zote hizi ilikuwa mbaya?"

"La, Mama. Si mbaya. Naomba tu ingoje."

Hakunijibu. Mchana alikuwa mkimya, na wifi alinikonyeza nisiongeze neno. Jioni alimtuma mtoto kuchuma mapera kando ya ua. Kesho yake asubuhi mahenjera yaliletwa na sahani ya mapera yaliyokatwa, hakuna birika. Mapera yana vitamini C tele, na vitamini hiyo hufanya kinyume cha chai: huyasaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Sikumweleza hilo. Sijui kama alilijua au alitaka tu tuwe na kitu cha kula. Saa nne kamili chai ilikuja, na yangu ilikuwa na sukari nyingi kuliko kawaida.

Tulikaa siku tisa. Aliporudishwa zahanati Oktoba, damu ya binti yangu ilikuwa imepanda, na muuguzi akafurahi. Dawa yake alikuwa akimeza kila siku muda wote huo, kwa hivyo siwezi kuupa uji sifa zote, wala simshauri mzazi yeyote aache dawa akimbilie gunia la wimbi. Lakini hasinzii tena darasani.

Mama mkwe alitufungia debe moja la wimbi ulioota, mkavu, haujasagwa, kwa sababu unga hauishi muda mrefu kama punje. Nairobi niliupeleka kwa kijana mwenye mashine ya kusaga mtaani kwetu. Akauonja, akaniuliza kama nataka auchunge, uwe mweupe, maana ndivyo wateja wake wapendavyo. Nilimwambia asage wote. Akasema utakuwa mweusi. Nikamwambia asage tu.